Fulana ya Golikipa

Jumatatu asubuhi Nadine, binti wa Kirundi anayefanya kazi nami dukani, aliniita huku ameziba pua kwa kiganja. "Mama Zainabu, kuja uone. Hii kitu inanuka sana. Niitupe?"

"Usiiguse," nikamwambia.

Harufu ilikuwa imeshanifikia kule nyuma kwenye mashine, na miguu yangu ilikuwa imeanza kutembea kabla sijaamua. Jasho lililolala ndani ya ngozi, mpira, chuma, na baridi. Baridi ina harufu, mtu asikudanganye. Kwa muda nilisimama pale na goti langu bovu na miwani yangu, lakini nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mbele ya kaunta alikuwepo mwanamke wa makamo, macho mekundu. Alijitaja jina, Malin. Ndani ya mfuko wa plastiki aliouweka kaunta kulikuwa na fulana ya pamba ya mikono mirefu, iliyowahi kuwa nyeupe. Alisema imekaa miaka mingi ghalani chini ya jengo, ndani ya begi moja na yale magodoro ya ngozi ambayo golikipa hufunga miguuni.

"Baba anataka uifue wewe mwenyewe," akasema. "Kwa mkono. Uianike nje. Na umpelekee kabla ya Alhamisi." Akatazama chini. "Alhamisi wanampasua moyo."

Baba yake ni Conny. Nyie wa umri wangu mliokulia Stockholm huenda mlilisikia jina hilo zamani, kama mlikuwa mnafuatilia magongo ya barafuni ya vijana. Kama hamkulisikia, kaeni niwaeleze. Mimi si mwandishi. Shule yangu hapa ni miaka mitano, na mmoja kati ya hiyo nililala. Lakini nina maduka matatu ya dobi, Alby, Hjulsta na Södertälje, na sikuazima akili ya mtu kuyafungua. Yote matatu yametoka kwenye fulana hiyo.

Baba yangu alikuja kujifunza ufundi wa malori Södertälje, akapenda mshahara, akabaki. Mimi na Mama tukamfuata kutoka Tanga. Tukapangiwa nyumba Alby, ghorofa ya sita, majengo mapya yananuka rangi, na treni ya chini ya ardhi bado inang'aa. Mama hakuwa mtu wa kukaa ndani kutazama ukuta. Alipata kazi kwenye ukumbi wa barafu, kusafisha vyumba na kufua jezi za timu ya vijana. Jina la klabu nalihifadhi. Imeshakufa, na sitaki ugomvi na waliobaki.

Siku ya kwanza Mama aliponipeleka mle ndani nilimshika gauni. Nilidhani nimeingia mahali pa ibada. Paa lilikuwa juu kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuingia, na chini yake sakafu nyeupe, pana, tupu, inatoa mvuke. Mtu mmoja mzee aliendesha mashine kubwa polepole, anazunguka na kuzunguka, na kila alipopita nyuma yake palibaki pamenyooka na kung'aa. Nikamwambia Mama, "Anapiga pasi." Mama akacheka. "Ndiyo, mwanangu. Hata maji hawa wanayapiga pasi."

Mzee yule alikuwa Sixten. Ndiye aliyetunza barafu, vifaa na funguo, na kwa maoni yake ndiye aliyeitunza timu pia. Nilimwita Babu Sixten, akakataa, akasema yeye si babu wa mtu, kisha akazoea. Jioni, Mama akiwa anasugua vigae, Sixten alinipitisha ukutani kwenye picha na kunifundisha historia, kwa kidole, kama mwalimu wa dini.

"Huu mwaka wa kwanza. Hatukuwa na ukumbi. Mimi ndiye nilimwaga maji kwa bomba kwenye uwanja wa magari, yakaganda. Tulifungwa mechi zote."

"Zote?"

"Zote. Moja walitufunga kumi na saba. Huyu kijana alilia mpaka machozi yakaganda." Kidole kikasogea. "Hapa tulipata ukumbi. Hapa tukashinda mechi tatu. Hapa tukawa wa pili Stockholm nzima, na wale wa mitaa ya matajiri hawakutupa mkono." Kisha kidole kikafika kwenye msumari usio na picha. "Na hapa."

"Hapa hamna kitu, Babu."

"Hapa ni mwaka huu. Bingwa wa vijana wa Uswidi nzima."

Aliuzungumzia msumari ule kwa heshima ambayo sijawahi kusikia mtu akiusemea msikiti wala benki. Kuanzia siku hiyo sikuweza kupita karibu nao bila kuuangalia.

Na kweli, mwaka ule walikuwa hawafungiki. Ilianza vuli na ikaendelea. Watoto wa wafanyakazi wa viwandani, Waswidi, Wafini, mmoja Myugoslavia, wanavunja timu moja baada ya nyingine, na nyuma yao golini yuko Conny. Miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, chunusi usoni. Akivua ile ngao ya uso ni kijana wa kawaida anayeogopa wasichana. Akiivaa, mimi nilikuwa siwezi kumtazama muda mrefu. Puck, kile kisahani cha mpira mweusi mgumu kama jiwe, kilikuja kwa kasi ambayo jicho halishiki, mlio tu, na mkono wake ulikuwa umeshafika. Nilijiuliza anajuaje. Nikapata jibu langu mwenyewe.

Kabla ya kila kipindi, Conny aliteleza mpaka golini, akagonga mwamba wa kulia kwa gongo lake, akagonga wa kushoto. Ko. Ko. Kisha anasimama kidogo, ameinamisha kichwa, ndipo anaingia. Siku hizi nawaona makipa wote wanafanya hivyo, ni kujipima wako wapi. Mimi wakati ule nilielewa kama mtoto wa Tanga. Yule kijana anabisha hodi. Goli lile lina mwenyewe, mwenyewe yuko chini ya barafu, na huwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Ndiyo maana anasaidiwa.

Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyemjibu. Watu wote wale, wanakula soseji, kijana anabisha hodi mara mbili na hakuna hata mmoja mwenye adabu. Basi nikawa namjibu mimi, kimya kimya, nimekaa juu kwenye benchi: "Karibu." Kila kipindi. Mechi zote za nyumbani. Sikumwambia mtu.

Fainali ikaangukia kwetu, Jumamosi mchana, na wiki hiyohiyo Mama akalala na homa. Baba alikuwa zamu kiwandani. Ijumaa, kutoka shule, nikaenda peke yangu kuchukua gunia la jezi, kwa sababu nilikuwa nimeshamsaidia Mama mara nyingi na nilijiona dobi kamili. Chumba kilikuwa kitupu. Jezi zote zilikuwa guniani. Kwenye ndoano ya Conny, peke yake, ilining'inia fulana.

Sikuwahi kuiona karibu. Shingo ilikuwa nyeusi. Makwapa yalikuwa ya manjano na magumu. Nilipoigusa ilikwaruza kama karatasi. Na mimi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: mama yake amekufa. Hakuna kijana mwenye mama anayevaa kitu kile. Anaona haya kuitia guniani ili wengine wasijue hana wa kumfulia. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia kidogo, kisha nikaichukua.

Jezi nilizifua na kuzikausha kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo letu. Fulana nikaifua kwa mkono, nyumbani, ndani ya karai la Mama, kwa mche wa sabuni ya bluu aliokuja nao kutoka Tanga na ambao hakuruhusu uguswe ovyo. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Ya pili kama chai. Nilibadilisha mara sita. Mikono iliniuma mpaka viwiko, na kila nilipochoka nilimkumbuka yule mama wa Conny kaburini, nikaendelea.

Ilipofika fulana kukaushwa, saa zangu zilikuwa zimekwisha na kabati la kukaushia lilikuwa la jirani. Jina lake lilikuwa ubaoni, na hapa mtu anaweza kukusamehe mengi, si kumwingilia zamu yake ya kufua. Nikapanda juu nikaianika fulana balkoni, nje, nimetandaza mikono yake miwili kwenye kamba na kuibana vibanio. Nguo nzuri hukaushwa nje. Hivyo ndivyo nilivyojua. Ilikuwa Februari.

Asubuhi nikafungua mlango wa balkoni nikapiga ukelele. Mtu alikuwa amesimama pale. Hana kichwa, hana miguu, mikono ameitanua, mweupe kabisa. Nilipopata roho ya kuigusa ilikuwa ngumu kama ubao. Niliivuta, haikukunjika. Nilijaribu kuikunja kiwiko, ikalia krrr, nikaogopa nitaivunja. Mama alikuwa amelala, saa zinakwenda, na Conny hana nguo nyingine. Nikaibeba fulana kwapani hivyohivyo, gunia la jezi mgongoni, mkono mmoja umeelekea mbele kama unaonyesha njia, nikatembea mpaka ukumbini.

Sixten alikuwa mlangoni. Aliangalia jezi, safi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaona nilichobeba.

"Hiyo nini?"

"Ya Conny. Nimeifua."

Akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu, juu ya ndoo. Akaongea taratibu mno. "Zainabu. Fulana hii haijagusa maji tangu vuli. Tangu mechi ya kwanza tuliyoshinda. Hakuna anayeigusa. Kocha haigusi. Mama yake haigusi."

"Mama yake yupo?"

"Anakaa ghorofa ya pili, jengo la pili kutoka kwenu! Amekuwa akiomba aifue tangu Krismasi!" Kisha akapandisha sauti. "Tukifungwa leo, mwambie mama yako asirudi hapa!"

Niliganda kuliko fulana. Kwani mimi hayo nilikuwa nayajua. Tanga, mjomba wangu alikuwa akichezea timu ya mpira, na mwenye timu alikuwa na mganga, na kulikuwa na kitu kimezikwa nyuma ya goli ambacho mtoto akikisogelea alichapwa. Baba alikuwa ameniambia Waswidi hawaamini kitu isipokuwa saa. Uongo. Walikuwa nayo dawa, wanaivaa mwilini, na mimi nimeifua kwa sabuni ya bluu, nikabadilisha maji mara sita ili isibaki hata chembe. Na kazi ya Mama nimeimwaga kwenye karai pamoja nayo.

Ndani ya chumba vijana ishirini waliacha kufunga viatu Sixten alipoingia na ule ubao mweupe, mimi nyuma yake. Conny alisimama. Akaichukua. Akaigonga kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, ikalia kama mlango. Akanitazama, na mimi nikatazama viatu.

"Nani?" akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani huna mama."

Mmoja akacheka, akanyamazishwa. Conny akaivunjavunja begani mpaka shingo ikafunguka, akaivaa, na alipoingiza kichwa alitoa mlio kama ng'ombe. Halafu akavaa vifaa vyake vyote juu yake, akaenda kucheza fainali na barafu kifuani.

Kipindi cha kwanza akagonga. Ko. Ko. Mimi, juu kwenye benchi, sikuthubutu kufungua mdomo. Nani mimi kukaribisha mtu, baada ya nilichofanya? Wapinzani walikuwa wakubwa, wanacheza kama wanaume wenye watoto. Mara mbili puck iligonga mwamba, na kila ilipogonga nilimwona Mama anafungasha ndoo zake. Kipindi cha pili vilevile. Tukapata bao moja, sijui hata lilivyoingia, na baada ya hapo hatukuvuka tena nusu ya uwanja.

Ndipo watu wakaanza kunyoosha vidole. Conny alikuwa anafuka. Fulana ile ilikuwa imeyeyuka, na mwili wake umewaka, na mvuke ulipanda kutoka shingoni, mweupe, mrefu, unapita juu ya ngao ya uso na kupotea kwenye taa. Nimeona vitu maishani. Nimeona watoto wangu wakizaliwa. Lakini sikuwahi kuona ukumbi mzima unamtazama kijana mmoja anafuka moshi golini, na mimi nikasimama bila kujua nimesimama. Nilijua ni dawa inamtoka. Ya mwisho iliyobaki.

Kipindi cha tatu akateleza golini, akagonga kulia, akagonga kushoto, akainamisha kichwa. Nikashuka ngazi mbio, nikawapita watu wazima kwa viwiko, nikabandika uso kwenye kioo nyuma ya goli lake, na nikapiga kelele kwa nguvu zote za kifua changu:

"KARIBUUU!"

Waligeuka wote. Yeye pia aligeuka. Nyuma ya ile ngao niliona macho mawili. Kisha akaingia golini.

Siwezi kuwasimulia kipindi kile. Nakumbuka mwisho tu. Mtu wao akabaki peke yake mbele ya Conny, Conny amelala upande mmoja, goli lote wazi upande wa pili, na yule mtu akapiga. Mkono ukatoka. Sijui ulitoka wapi, ulitoka kwenye moshi. Puck ikalala ndani ya glavu, na Conny akabaki chali na mkono juu, kama anauliza swali darasani. Moja bila. King'ora kikalia. Sixten akapiga magoti kwenye barafu yake mwenyewe aliyoipiga pasi.

Baadaye Conny alinitafuta. Alikuwa anatetemeka, midomo ya bluu.

"Ulisema nini pale?"

Nikamweleza hodi na karibu. Nikamweleza mwenyewe wa goli. Nilidhani atanicheka. Alifikiri sana, kama mtu anayepewa dawa na daktari.

"Na huwa unajibu?"

"Kila siku. Kimya kimya. Leo ndiyo nilichelewa."

Akavua fulana, inachuruzika, akaniwekea mikononi. "Basi kuanzia sasa ni sabuni hiyohiyo," akasema. "Na uianike nje."

Jumapili Sixten alikuja kwetu na gunia la viazi na uso wa kujikosha. Mama akatoka kitandani na homa yake, amejifunga kanga mbili, nikawa natafsiri.

"Mwambie, kijana mzima, miezi mitano fulana haijaona maji, na wao wanasema ni ushindi?"

Nikatafsiri.

"Mwambie huo si ushindi, ni uchafu. Na mwambie kazi yangu siachi mpaka niache mwenyewe. Viazi aweke jikoni."

Akaweka. Na kazi Mama aliiacha mwenyewe, miaka mingi baadaye, goti lilipokataa, ugonjwa uleule ulionipata mimi.

Msimu uliofuata nilifua fulana ile kila Ijumaa. Wengine wakaanza kuniletea zao, kisha mama zao, kisha majirani. Timu ilifika nusu fainali, mwaka mwingine wakawa wa tatu. Wawili walikwenda kucheza ligi kubwa, Conny si mmoja wao. Alivunjika goti, akawa fundi umeme. Klabu ikachoka, ikafa. Ukumbi siku hizi ni wa padel, mchezo wa raketi, watu wanagonga mpira kwenye kioo na kujipiga picha. Ile picha ya kwenye msumari sijui iko wapi. Mimi ninayo kichwani, haijafifia.

Mimi siamini dawa, niwaambie wazi. Jumanne niliifua kwa mkono. Sabuni ya bluu siku hizi inapatikana Alby, huhitaji kutumiwa kutoka nyumbani. Maji sita. Nadine alinitazama kama nimerukwa na akili. "Mama, mashine ziko kumi na mbili." Nikamwambia ashughulike na mapazia. Nikaianika balkoni, baridi kali kama ya siku ile, nikatandaza mikono, na asubuhi ya Jumatano nilipofungua mlango alikuwepo, amesimama, ananingoja.

Nilimtia kwenye mfuko wa baridi ninaobebea samaki, mkono mmoja ukagoma kuingia. Watu wa treni walitazama. Watazame. Hospitali, muuguzi akanisimamisha mlangoni.

"Samahani mama, hicho ni nini?"

"Golikipa," nikasema. "Mpishe."

Conny amekwisha, nywele hamna, mikono imebaki mifupa. Malin akainuka akanipa kiti.

"Umezeeka," Conny akaniambia.

"Na wewe umependeza. Nyamaza."

Nikamlazia kile kitu kifuani. Akakigonga kwa vifundo, ko ko ko, akacheka mpaka mashine yake ikalia na Malin akatishika. Kisha kicheko kikaisha. Akakishika tu, maji yanaanza kumdondokea mikononi na shukani.

"Naogopa, Zainabu."

"Hata siku ile uliogopa. Nilikuwa nyuma yako, nilikuona magoti."

Conny alinyoosha mkono wa kulia akagonga chuma cha kitanda. Akanyoosha wa kushoto, taratibu, akagonga upande wa pili. Akainamisha kichwa, akangoja.

Nilimjibu kwa sauti yangu yote, mpaka muuguzi akaja mbio mlangoni kuuliza kuna nini.